Maboksi Mawili ya Mzee Natani

Kitabu kikianguka, kiokote kwanza. Simu yako utaiokota baadaye. Hilo ni la kwanza nililofundishwa kazini, na naanza nalo juu naona nyinyi vijana mnafanya kinyume.

Wengi mnanijua mimi Mama Sifa wa Beechmont, yule anayewafokea mkiziba njia ya kanisa na magari yenu. Kazi yangu hamuijui. Mnafikiri nilikata kuku kiwandani kama mama zenu. Nilikata kuku, ndiyo, baridi moja, nikaona vidole vyangu vinataka kubaki na kuku, nikaacha. Miaka mingine yote mpaka kustaafu nilikaa kwenye ghala la vitabu vya Wayahudi, hapa hapa Louisville. Vitabu vya sala, vya dini, na vile vinene vya wasomi wao. Ukurasa mmoja Kiingereza, ukurasa wa pili wake herufi zao za zamani. Mimi niliyeachia shule darasa la tatu kule Uvira, niliyeuza ndagala, vile visamaki vidogo, pale bandari ya Kalundu, nilikuja kuwa mkubwa wa ghala hilo. Sikupewa kwa huruma. Niliuchukua ukubwa, na aliyetaka kuninyang'anya alijua nilipo.

Siku ya kwanza, mtu wa ofisi ya wakimbizi aliniambia, "Mama, hili ni shirika lisilotafuta faida."

Nikamwambia, "Kama hawatafuti faida, mimi watanilipa na nini?"

Alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauliza kweli. Baadaye ndipo nilielewa. Mtu anaweza kukaa na kitabu kimoja nusu ya maisha yake, anakitafsiri, anakifafanua, na wasomaji wake wote wakaenea kwenye mabasi mawili. Kitabu kama hicho hakijilipi. Watu wao wanachanga, wengine matajiri, wengine wajane wenye pensheni, kisha kinachapwa. Ofisi ilikuwa Columbus, kwa Bwana Ezra, mkurugenzi wetu, mtu mwembamba anayeongea polepole kama anayesoma. Mashine ya kuchapa na ghala vilikuwa huku kwetu, juu kutoka Louisville mzigo unafika popote upesi.

Aliyenifundisha kazi ni Curtis, mzee wa hapa Kentucky, mkubwa wa ghala kabla yangu. Wiki ya kwanza nilibandika stika za bei kwenye paleti nzima ya vitabu, ile chaga ya mbao ya mizigo, vizuri, zimenyooka. Curtis akaja, akaangalia, akakaa kwenye boksi akashika kichwa. Vitabu vile vinafunguka kutoka kulia. Jalada nililodhani ni la nyuma, nikalibandika stika, ndilo lilikuwa uso wake. Nilibandua zote kwa kucha na mafuta ya kupikia. Kwa hiyo ukipewa bidhaa ya watu usiowajua, uliza kwanza uso wake uko wapi. Usione aibu. Aibu ya kuuliza inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Curtis alinifundisha na haya. Kitabu hakikai juu ya sementi hata dakika moja, sementi inanyonya na kutema maji. Kwenye boksi, vitabu vilale, migongo ipishane, mmoja huku mmoja kule, la sivyo boksi linainama kama mlevi. Pembeni jaza karatasi, usijaze hewa. Na kwa hawa watu wetu kuna sheria nyingine: kitabu cha maandiko hakiwekwi chini ya kitabu cha maelezo. Maandiko juu, sala chini yake, wasomi chini kabisa. Paleti zangu zilipangwa hivyo, na dereva wa lori aliyetaka kupanga kwa uzito tuligombana.

Nilimwona Bwana Ezra mara moja anaokota kitabu kilichoanguka, anakipiga busu. Nikafikiri, eh, huyu naye. Sasa hata mimi nafanya.

Lakini sheria iliyo ngumu kuliko zote ni ya takataka. Karatasi yenye Jina la Mungu katika herufi zao haitupwi. Mashine ikikunja karatasi, ikimwaga wino, ikichapa upande, kwa mchapaji mwingine ni takataka inaenda kwenye lori la karatasi. Kwetu, hapana. Inawekwa kwenye boksi, boksi linawekwa kwenye rafu ya nyuma, na mara moja kwa mwaka tunayapeleka maboksi makaburini kwao, yanazikwa kama mtu. Kaburi, udongo, sala. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani wananifanyia mchezo. Bon, nikazoea. Nikaanza hata kupenda. Kule tulikotoka niliacha watu ambao hawakuzikwa vizuri kama karatasi zile.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Natani.

Huyu alikuwa msomi, mtafsiri wa kitabu kikubwa cha sala, kazi yake ya uzeeni na ya ujanani pia. Aliishi Buffalo na binti yake, Debora. Kila kitabu chake kikichapwa alikuja mwenyewe kuangalia, kwa basi, juu ndege aliiogopa. Kamzee kafupi, koti kubwa, anaomba chai na limau. Aliniita Madamu. Watoto wangu wenyewe hawaniiti hivyo.

Siku moja alipokuja, Curtis alikuwa anachoma vipande vya paleti kwenye pipa nyuma ya ghala, na kwenye mbao zile kulikuwa na jalada bovu la kitabu, jalada tupu, halina Jina wala nini. Mzee Natani aliliona likishika moto. Alisimama. Kikombe kikainama, chai ikamwagika kwenye kiatu, hakusogea. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani. Ndani akaniambia kwamba kule Ulaya, alipokuwa mtoto, askari waliingia nyumbani kwao wakatupa vitabu vya baba yake barabarani, wakavitia moto, majirani wakitazama. Alisema hayo tu, akaomba chai nyingine. Tangu siku ile, hakuna aliyewasha kiberiti karibu na ghala langu.

Alipokuwa anaondoka, aliona maboksi mawili ya karatasi za kitabu chake zilizoharibika na mashine. Akayafungua, akapitisha kidole.

"Hizi zina makunyanzi kama mimi," akasema. "Usizike na zingine, Madamu. Nikifa, ziwekwe pamoja nami. Kwetu inaruhusiwa."

Nikamwambia, "Mzee, usiongee habari za kufa ndani ya ghala langu. Utaniletea mkosi."

"Ukifika umri wangu," akasema, "mkosi ndio unakuogopa."

Nikaandika jina lake kwenye maboksi kwa kalamu nene, nikayaweka juu ya rafu ya nyuma, nikamwahidi. Mimi siahidi ovyo. Watu wa Uvira waliokula ndagala zangu kwa mkopo wanajua, nikisema nitakuja nakuja.

Miaka ile, kabla ya korona, kazi ilikuwa inabadilika. Mwanzo tulichapa vitabu vingi kwa mara moja, vikakaa miaka vinangoja mnunuzi. Kisha ikaja mashine ndogo inayochapa kitabu kimoja mtu akikiomba, na kompyuta ya kupokea oda. Bwana Ezra akaniita Columbus niende kujifunza kompyuta hiyo. Nilienda na hasira, nikajifunza na hasira, lakini nilijifunza. Ghalani nikamwachia Hamisi.

Hamisi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, mwenye mke na watoto, mfanyakazi mzuri kuliko wote niliowahi kuwasimamia, na nasema hivyo nikijua yaliyotokea. Ni Mwislamu, swala zake hazimpiti. Kila asubuhi "Shikamoo mama," mpaka nikamwambia, baba, sisi Wakongomani tunasema jambo tu, usinizeeshe. Akasema, "Sawa mama. Shikamoo." Siku yake ya kwanza nilimpeleka kwenye rafu ya nyuma nikamwambia kwa kinywa changu: haya makaratasi yana Jina la Mungu, hayatupwi. Akaitika kwa kichwa taratibu, na nikaona ameelewa kuliko wengine wote.

Nikiwa Columbus, mvua kubwa ya baridi ilipiga Louisville na paa likavuja, upande ule ule wa rafu ya nyuma. Mwenye jengo akatuma watu wa paa, na watu wa paa wakamwambia Hamisi atoe kila kitu kilicholowa.

Nilirudi kazini Jumatano. Sikuwa hata nimevua koti, simu ikalia. Bwana Ezra.

"Mama Sifa, Mzee Natani amefariki alfajiri hii."

Nikatoa pole. Kwao maiti haicheleweshwi, unajua mapema kwamba muda hakuna.

"Atazikwa kesho mchana, Buffalo," akasema. "Debora anauliza yale maboksi mawili. Baba yake alimwambia yako kwako."

"Yako kwangu," nikasema. "Nitayaleta mwenyewe."

Kisha nikaenda kwenye rafu ya nyuma, na rafu ilikuwa tupu, mbao zimelowa, ndoo chini inapokea matone.

Nyinyi mnaojua hofu ya kupoteza simu, sijui niwaelezeeje. Kaburi likifungwa limefungwa. Hawa hawafungui kaburi kwa ajili ya boksi lililochelewa. Nilizunguka ghala zima, nikapanda ngazi kwa magoti yangu haya, nikafungua mapipa ya lori la karatasi nikachimba kwa mikono. Hakuna. Hamisi alikuwa na siku ya mapumziko. Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia tena kama mjinga, imezimwa. Nikachukua gari ya ghala, nikaelekea mtaa wa Iroquois kwenye apatimenti zao, taa zote nyekundu zikinisubiri mimi.

Nikabisha hodi. Akafungua mke wake, Zaituni.

"Karibu mama, shikamoo. Vua viatu, tafadhali, halafu pita kwa ukutani. Katikati hapapitiki."

Niliangalia ndani. Sebule yote, kutoka mlangoni mpaka jikoni, ilikuwa imetandazwa karatasi. Moja moja, zimepangwa kwenye mashuka, feni mbili zinazunguka. Watoto wamekaa juu ya kochi kama kuku juu ya dari, hawaruhusiwi kushuka. Nikatambua makunyanzi yale. Nilitaka kupiga magoti nimshukuru Mungu.

Hamisi akatoka chumbani. "Mama Sifa, umerudi? Simu imeisha chaji, samahani. Maboksi yalilowa chapachapa, mama, hata maandishi ya juu yamefutika. Wale jamaa wa paa walitaka kuyatia kwenye pipa, nikawaambia haiwezekani. Nikayabeba begani mpaka kwenye basi. Hizi bado mbichi kidogo. Zikikauka ndiyo nizimalizie."

"Uzimalizie namna gani?"

"Nizichome. Kama zile za juzi."

Sikuelewa upesi. "Zile za juzi zipi?"

"Za boksi la kwanza."

Nilitaka kukaa chini, lakini pa kukaa hapakuwa.

"Hamisi. Ulichoma?"

Akaona uso wangu, na wa kwake ukabadilika. "Kwetu, mama, kurasa za chuo, za msahafu, zikichakaa hazitupwi. Zinachomwa kwa heshima, ama zinazikwa, ama zinapewa maji yanayotembea. Nilitawadha kwanza. Nilingoja watoto walale. Sikuzichoma kama takataka, wallahi."

"Nilikuambia nini juu ya makaratasi yale?"

"Uliniambia yasitupwe," akasema Hamisi. "Sikuyatupa."

Na kweli hakuyatupa. Aliingia jikoni akarudi na kopo la maziwa ya unga, limefunikwa na kitambaa safi. Majivu. Alikuwa anangoja siku ya kupumzika nyingine ayapeleke mto Ohio.

Nikamwambia kuhusu Mzee Natani, kifo, kaburi la kesho. Kisha nikamwambia kuhusu pipa la Curtis, askari wa Ulaya na vitabu vya barabarani. Zaituni akafunika mdomo. Hamisi aliweka kopo juu ya televisheni polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Sasa nitawaambia nilichofikiri, na mniache na fikira zangu. Ghalani, upande usiovuja, kulikuwa na maboksi mengine ya karatasi zilizoharibika, makavu, za kitabu kile kile. Ningejaza boksi moja, ningeandika jina, nani angejua? Nikamwambia Hamisi hivyo.

Akatikisa kichwa. "Mama, mzee alichagua zile. Tukimzika na za kudanganya, huko siyo kusahihisha kosa. Hilo ni kosa la pili."

"Basi weye utakuja na mimi Buffalo," nikasema. "Ukasimame na kosa lako la kwanza."

Tulizikausha jioni ile. Jifunzeni hili: karatasi iliyolowa usiipelekee joto, inakunjamana na kushikana. Ipe upepo. Kati ya karatasi na karatasi weka nyingine nyeupe isiyochapwa, ibadilishe ikishanyonya. Ikikaa na maji siku mbili inaota ukungu, na ukungu hauna dawa. Kisha nikazifunga kwa uzi wa pamba ndani ya boksi, bila plastiki wala gundi ya plastiki, juu kinachoingia udongoni lazima kiweze kuoza.

Tuliondoka alfajiri, barabara ya Cincinnati, mimi kwenye usukani. Hamisi aliweka boksi katikati yetu na kopo mapajani. Tangu Louisville mpaka tunakaribia Columbus alisema maneno machache tu.

"Atanifukuza kazi?"

"Anayefukuza ghalani ni mimi," nikamwambia. "Na mimi sijasema kitu. Shika kopo vizuri."

Kuomba sikuweza, nilihesabu mabango ya barabarani badala yake.

Bwana Ezra alikuwa anatungojea nje ya ofisi na koti jeusi. Nilikuwa nimeamua asifunge mkanda kabla hajajua. Nikamwambia yote, pale pale, mlango wa gari wazi, baridi inaingia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Hamisi, kisha kopo.

"Nani anajua?"

"Sisi watatu na mke wake."

Akaingia, akafunga mlango. Akakaa kimya mpaka Cleveland. Nimewahi kufokewa na askari wenye bunduki, na nawaambia, kimya cha mtu mpole ni kibaya zaidi.

Baada ya Cleveland theluji ya ziwa ikaanza. Ile inayokuja kwa upande, huoni lori lililo mbele yako, unaona taa zake tu. Gari zikapunguza mwendo, na sisi tukapunguza. Saa inakwenda. Ezra akapiga simu kwa rabi wa Buffalo, akaongea kwa lugha yao na kwa Kiingereza, nikasikia neno majivu. Alipokata simu akasema, "Debora ataambiwa kabla ya mazishi."

"Bwana Ezra," nikasema, "mtu haongezewi mzigo akiwa amebeba maiti. Tumwambie baada."

"Akijua baada, atamzika baba yake mara ya pili."

Nikauliza, "Nani atamwambia?"

Hamisi akasema kutoka pembeni, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Mimi."

Tulifika watu wakiwa wamekwishasimama kwenye theluji, jeneza la mbao tupu liko juu ya kamba. Nilisimamisha gari, nikashuka na boksi. Debora alitujia mwenyewe, mwanamke mrefu, koti lake limechanwa kifuani kama wanavyofanya wao wakifiwa. Aliangalia boksi mikononi mwangu.

"Moja?" akasema. "Baba alisema mawili."

Hamisi akasogea mbele, kopo limeshikwa kwa mikono miwili. Alisema bila kupamba. Jina langu Hamisi. Maji yaliingia. Kwetu karatasi ya Mungu ikiharibika tunaichoma kwa heshima. Sikujua kwamba kwenu hapana. Sikujua ni za baba yako. Boksi la pili ni hili.

Theluji ilikuwa inatua juu ya kitambaa cha kopo, na hakuna aliyeipangusa. Debora alirudi nyuma hatua. Akasema kwa sauti ya chini, "Unajua baba yangu aliona nini alipokuwa mtoto?"

"Nimeambiwa jana," akasema Hamisi.

"Jana," akasema Debora.

Nilifikiri atatuambia tuondoke. Ningeondoka. Rabi akamsogelea, mzee mwenye ndevu zilizoganda, akamwambia kwamba majivu ya maandiko huzikwa kama maandiko, aliyeyachoma awe adui ama rafiki. Lakini si ndani ya kopo la bati. Kinahitajika kitambaa, kikubwa kidogo. Kile cha juu ya kopo hakikutosha.

Watu wakapapasa mifuko. Leso za karatasi. Mimi nilikuwa na kitenge kichwani, kipya, chenye kuku wa rangi ya chungwa, nilikivaa juu naenda msibani. Na vijana, mimi sivui kitambaa mbele ya watu, hata daktari anaulizaga kwanza. Nilikifungua pale. Upepo wa Buffalo ukanishika masikio kama mwalimu. Nikakitandaza juu ya boksi, Hamisi akamimina, nikafunga mafundo manne, nikampa Debora. Alikipokea. Alikaa anawaangalia wale kuku muda mrefu, sikuweza kusoma uso wake. Kisha akamkabidhi Ezra, vikashushwa, boksi na furushi, pembeni mwa jeneza.

Wanafukia wenyewe, si kazi ya wafanyakazi wa makaburi. Ezra alipomaliza zamu yake, Hamisi alinyoosha mkono apokee beleshi. Ezra hakumpa. Akalichomeka kwenye udongo, akaondoka. Nilimwona Hamisi mkono umebaki hewani, na uso wake umekwisha. Ikabidi nimnong'oneze, "Desturi yao ni hiyo. Msiba haupokezanwi mkononi. Lichomoe mwenyewe." Akalichomoa. Alifukia mpaka rabi akamgusa bega.

Tulirudi kwenye gari. Nilikuwa nimewasha gari, Ezra ameshika mlango aufunge, Debora akaja. Nikashusha kioo. Hamisi akakaa wima.

"Zilikuwa kurasa zipi?" akaniuliza. "Zilizochomwa."

Nilijua, maboksi niliyapanga mimi. "Sala za siku yenu ya mfungo," nikasema. "Zile ndefu za katikati."

Aligeuka akaangalia kule kaburini. Kuna kitu kilimtoka, nikadhani ni kilio.

"Zile," akasema. "Alizitafsiri mara nne na hakuzipenda hata mara moja. Mezani alikuwa anasema, ingekuwa ruhusa, ningezitia moto mwenyewe. Mama yangu alikuwa anamkemea, wewe, kwa yale uliyoyaona, unathubutu kusema hivyo? Naye anajibu, mimi ndiye mwenye haki ya kusema."

Hakuna aliyecheka. Lakini Ezra aliinamisha kichwa, na mabega yakatikisika kidogo.

Debora akamwangalia Hamisi kupita mbele yangu. "Sijui bado nikuambie nini," akasema.

"Usiniambie kitu, dada," akasema Hamisi. "Pole."

Debora akasimama hapo kidogo, theluji kwenye nywele zake na kwenye zangu. Kisha akapiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, kama tunavyofanya sisi ghalani gari ikishajaa, na mimi nikaachia breki.